Mwandishi Hajulikani

Tangazo lilitolewa kwenye maegesho ya magari, mbele ya wafanyakazi wote wa Mamlaka Kuu ya Maji, kwa kipaza sauti kilichopiga mluzi kila Mkurugenzi Mkuu alipofika kwenye neno "maendeleo". Nyuma yake palitundikwa kitambaa kirefu kilichoandikwa: MAMLAKA YENYE MAREJEO NI MAMLAKA YENYE MAENDELEO. Kuanzia siku hiyo, alisema Mkurugenzi, enzi ya maneno matupu ilikuwa imezikwa rasmi. Hakuna mtumishi atakayesema jambo, kuandika jambo wala kukubali jambo, mpaka jambo hilo liwe na chanzo kilichoandikwa, kikapigwa mhuri, kikaorodheshwa. Na Ripoti Kuu ya mwaka, ile inayopelekwa mbele ya Kamati ya Bunge, ingekuwa na marejeo mengi kuliko ripoti yoyote iliyowahi kutiwa gundi mgongoni.

Watu walipiga makofi. Waliokuwa nyuma, ambao hawakusikia kitu, walipiga zaidi.

Lakini aliyepiga kwa moyo wake wote alikuwa mtu mmoja mwembamba, mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyejulikana kwa jina la Tanbihi. Si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake kazini, kwa sababu kila barua aliyoiandika, hata ya kuomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino, ilikuwa na maelezo ya ziada chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Wao walimwita hivyo kwa kumcheka. Yeye aliliona jina hilo kama cheo kilichotangulia kufika kabla ya barua yake ya uteuzi.

Na barua ikafika kweli. Kabla jua halijakuwa kali, Tanbihi alikuwa Mkuu wa Kitengo cha Marejeo, Nukuu na Maelezo ya Chini. Alipewa chumba chenye dirisha, kiti chenye magurudumu, na kompyuta yenye programu mpya ya kupanga marejeo. Ukiigusa mahali pamoja tu, waandishi wote walijipanga kwa alfabeti kama watoto wa shule mbele ya mwalimu wa zamu. Tanbihi aliwapanga, akawavuruga, akawapanga tena. Alisikia raha ambayo hakuwahi kumweleza mtu.

Mafanikio yalionekana mara moja. Dereva wa Mamlaka alikuja kuripoti kwamba gari halina breki. Aliulizwa chanzo. Hakuwa nacho, akarudishwa kazini. Kesho yake alileta chanzo: ukuta wa geti. Mhudumu wa chai alisema chai imepoa, akaombwa aonyeshe ni nani mwingine aliyewahi kuandika hivyo. Nyumbani, mke wa Tanbihi, fundi cherehani asiyependa kurudia maneno, alimwambia mumewe chakula kiko tayari.

"Kwa mujibu wa nani?" Tanbihi akauliza, kwa nia njema kabisa.

Alilala na njaa. Hilo halikuhitaji rejeo.

Kulikuwa pia na lile suala zito la mkato. Je, baada ya jina la mwandishi, katika orodha ya marejeo, iwekwe alama ya mkato au nukta? Iliundwa kamati. Kamati ikaenda kukaa hotelini, mahali penye utulivu na bwawa la kuogelea, ikagawanyika pande mbili. Watu wa mkato walisema nukta ni udikteta, inamfunga msomaji mdomo. Watu wa nukta walisema mkato ni uzembe, unaacha mlango wazi. Wahasibu wawili waliosoma pamoja tangu utotoni waliacha kusalimiana. Mwishowe ilipitishwa nuktamkato, ambayo hakuna aliyeitaka, na kila mtu akarudi nyumbani akiamini upande wake umeshinda.

Wakati huo huo, katika mtaa wa bondeni nyuma ya kiwanda cha matofali, maji ya bomba yalikuwa yamebadilika rangi. Mwanzoni yalikuwa kama chai ya mkandaa, kisha kama chai ya maziwa. Aliyeishi huko, nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la mtaa, alikuwa shangazi yake Tanbihi, dada mkubwa wa marehemu baba yake. Ndiye aliyemlea Tanbihi tangu akiwa na kaptula isiyo na kifungo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na hakuwa amewahi kukanyaga ofisi ya mpwa wake. Siku hiyo alikuja, amejitwika ndoo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Aliitua ndoo juu ya meza, katikati ya mafaili. "Nusa."

Tanbihi alinusa. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa leso, akachukua kalamu. "Sasa, shangazi, unasemaje kuhusu haya maji?"

"Yananuka."

"Chanzo?"

"Pua yangu."

"Pua si chapisho, shangazi."

Shangazi alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama zamani alipokataa kuoga. "Yule mtoto wa jirani anaharisha tangu wiki iliyopita. Na mimi tumbo linaniuma. Unataka nini zaidi?"

"Mimi sitaki kitu. Mwongozo ndio unaotaka." Na kwa kuwa alimpenda shangazi yake, alifanya ambalo hangemfanyia mtu mwingine: aliifungua programu akajaribu kuiingiza ndoo. Mwandishi: hakuna. Mwaka: hakuna. Kichwa: Maji. Mchapishaji alimsumbua kidogo, maana ilikuwa Mamlaka yenyewe. Kisha akaibeba ndoo hadi masjala, ambako mama wa masjala, mwanamke mwenye miwani ya kamba aliyepiga mihuri tangu enzi za karatasi za kaboni, alijitahidi kadiri ya uwezo wake. Mhuri uliteleza ubavuni mwa ndoo. Alipojaribu kupiga juu, ulizama.

"Haipigiki," mama wa masjala alisema, akikung'uta mkono. "Na sasa mimi nanuka."

"Basi si chanzo," Tanbihi alimwambia shangazi yake kwa huzuni ya kweli. "Lakini Mamlaka imepokea hisia zako."

Shangazi alijitwika ndoo yake. Mlangoni aligeuka. "Baba yako alikuwa fundi bomba," alisema. "Ananusa, anachimba. Basi." Akaenda zake.

Haikupita wiki, Tanbihi alipigiwa simu kwamba shangazi amelazwa. Alimkuta wodini amelala ubavu, midomo imekauka, mrija wa maji umechomekwa kwenye ile mikono mikubwa ambayo sasa ilionekana kama imeazimwa kwa mtu mwingine. Tanbihi alisimama kando ya kitanda asijue aiweke wapi mikoba yake. Alimfuata daktari kwenye korido. Daktari alikuwa kijana aliyechoka, amevaa kandambili za hospitali.

"Daktari, ni nini?"

"Maji. Mtaa wao wote wanakuja. Wengine tumewalaza chini."

Tanbihi alichomoa kalamu. Hatimaye mtaalamu! "Niandikie. Niandikie hayo hayo, kwa karatasi yenye nembo ya hospitali, nami nitayaingiza kwenye Ripoti Kuu."

Daktari alicheka bila furaha. "Siwezi. Taarifa zetu nazo siku hizi lazima ziwe na rejeo. Na rejeo la maji tulilo nalo ni tamko la Mamlaka yenu, kwamba maji ni salama. Nikiandika maji, mfumo unakataa. Naandika 'sababu nyingine'."

"Lakini tamko letu," Tanbihi alisema polepole, "linasema maji ni salama kwa sababu hospitali haijaripoti mgonjwa wa maji."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nyinyi mnatutaja sisi, na sisi tunawataja nyinyi."

"Hapo umefika," daktari alisema, akaenda kumtazama mtoto aliyekuwa akilia.

Tanbihi alibaki kwenye korido. Katika maisha yake yote aliamini kwamba ukifuata rejeo, na rejeo la rejeo, mwishowe unafika mahali: kwa mtu aliyeona kitu. Sasa alikuwa amefuata, akajikuta anazunguka kama mbwa anayefukuza mkia wake mwenyewe, na katikati ya duara alilala shangazi yake. Alirudi wodini akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Alimweleza yote, kwa sababu hakujua kueleza kitu nusu.

Shangazi alisikiliza macho ameyafumba. "Kwa hiyo kitu kikipigwa mhuri kinakuwa kweli?"

"Kinakuwa chanzo, shangazi. Kuwa kweli ni idara nyingine."

"Na huo mhuri mnapiga kitu gani?"

"Karatasi yoyote inayoingia masjala. Yule mama hapigi kwa kuchagua. Kikiingia mlangoni, 'Imepokelewa'."

"Hata barua ya mtu wa hivi hivi?"

"Hata ya mwendawazimu."

Shangazi aligeukia ukutani. Tanbihi alidhani amelala, akamfunika shuka, akaenda kazini kwa miguu huku anajisemesha.

Barua zilianza kuingia shangazi alipotoka hospitali. Mwanzoni moja moja, baadaye kwa mafungu, zikiletwa na wauza mkaa, na mafundi viatu, na akina mama waliokuwa na safari zao mjini. Zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi za daftari, nyuma ya kalenda, kwenye maboksi ya sabuni yaliyokunjuliwa. Mama wa masjala alizipiga mhuri zote kwa furaha ya mtu ambaye hatimaye amepata kitu kinachokaa kikavu. Hakuna hata moja iliyokuwa na saini. Mtu wa mwisho kusaini malalamiko mtaani kule alikatiwa maji kabisa. Majirani walimwonea wivu kidogo, lakini hawakutaka kumfuata.

Tanbihi alizisoma moja baada ya nyingine. Alizitambua kumi na ushei papo hapo: ile "g" yenye mkia mrefu unaojikunja ndiyo iliyomfundisha yeye kuandika, mezani jikoni, kwa kipande cha mkaa. Alishika kichwa. Kisha akaufungua mwongozo, akauliza swali kama afisa na kujijibu kama afisa. Mwandishi ambaye hakuweka saini, kwa mujibu wa kifungu husika, hajulikani, hata kama ndiye aliyekulea. Akaandika: Hajulikani. Akaandika tena: Hajulikani. Na kwa kuwa mwongozo ulitaka kila rejeo liambatane na muhtasari wa kile kilichosemwa, aliweka muhtasari, neno kwa neno, bila kupunguza hata matusi. Alikuwa mtu wa kanuni.

Ripoti Kuu ilinenepa. Kiwiliwili chake kilikuwa kijuzuu chembamba kilichosema, kwa lugha iliyopigwa pasi, kwamba huduma ya maji imeendelea kugusa maisha ya wananchi. Mkia wake ulikuwa juzuu mbili za marejeo, nene kama matofali ya kile kiwanda. Mkurugenzi Mkuu alipoletewa nakala ya majaribio aliipima kwa mikono miwili, akaiweka kwenye mizani ya barua, mizani ikalia. Alifurahi hadi akaagiza soda kwa ofisi nzima.

Siku iliyofuata alimwita Tanbihi. Soda ilikuwa imemwisha usoni.

Alikuwa amefungua faharasa ya waandishi, sehemu pekee ya ripoti aliyowahi kuisoma mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa akilitafuta jina lake. Alilikuta mara nne: hotuba mbili, salamu za mwaka mpya, na lile tamko la maji salama. Kidole chake sasa kilikuwa juu ya jina jingine.

"Huyu ni nani?"

Tanbihi aliinama. "Hajulikani, mheshimiwa."

"Nimesoma jina. Nauliza ni nani! Ametajwa kurasa kwa kurasa. Ni profesa?"

"Hapana, mheshimiwa. Hajulikani."

"Kama hajulikani, mbona yumo kila mahali? Mimi najulikana nchi nzima, nimetajwa mara nne! Anatoka chuo gani? Nani amemleta? Ni yule naibu wangu, ee? Wananiandalia mtu!"

"Mheshimiwa, labda nieleze. Hajulikani maana yake..."

"Usinieleze maana ya majina ya watu. Mfukuze kazi."

"Si mtumishi wetu."

"Basi mfute."

"Tukimfuta, mheshimiwa, ripoti inabaki na juzuu moja. Ile nyembamba."

Mkurugenzi alisimama, akaenda dirishani, akaangalia gari lake lililokuwa likioshwa kwa maji ya chupa. Alipogeuka, uso wake ulikuwa na amani ya mtu aliyepata suluhisho la kiutawala.

"Ripoti ni ya nani?"

"Ni yako, mheshimiwa."

"Basi na marejeo ni yangu. Pale alipo huyo bwana, weka jina langu. Kote."

Tanbihi hakutoka. Alikuwa mtu wa kutii, lakini pia alikuwa mtu wa maelezo ya chini ya ukurasa. "Mheshimiwa, inanipasa niseme jambo. Yale marejeo yana maneno ndani yake."

"Ndiyo maana nayataka yawe yangu! Nani anataka marejeo matupu?"

"Usingependa kuyapitia kwanza?"

"Mkurugenzi hasomi," alisema Mkurugenzi. "Mkurugenzi anaidhinisha."

"Basi naomba agizo hilo kwa maandishi," Tanbihi alisema kwa unyenyekevu, "ili na lenyewe nilitaje."

Ombi hilo lilimpendeza sana Mkurugenzi. Aliandika kwa mkono wake, kwa wino wa kijani: kwamba yeye ndiye mwandishi halali wa kazi zote zilizoorodheshwa kwa jina la huyo Hajulikani, na kwamba atakayesema vinginevyo atachukuliwa hatua. Mama wa masjala akaligonga mhuri mpaka meza ikatikisika.

Tanbihi alikaa mbele ya kompyuta. Kwenye programu palikuwa na amri iliyoitwa Badilisha Zote. Alikuwa ameikwepa kila wakati, kwa kuwa aliiona kama panga mikononi mwa mlevi. Alifikiria kukataa. Aliifikiria ile mikono wodini, na kandambili za daktari, na duara. Hakutaka kumdhuru mtu, na hakuna aliyemwagiza amdhuru mtu. Aliagizwa kutii tu. Katika miaka yote ya utumishi wake hakuwahi kutii kwa raha namna ile. Alibonyeza. Hajulikani akatoweka nchini mara moja, na Mkurugenzi Mkuu akaota kila ukurasa kama uyoga baada ya mvua.

Kikao cha Kamati ya Bunge kilifanyika katika ukumbi wenye zulia jekundu na viyoyozi vilivyodondosha maji ndani ya ndoo. Jukwaa la wananchi lilijaa watu wa mtaa wa bondeni. Shangazi alikaa mstari wa mbele, amekonda, gauni linampwaya, mikono ameipakata. Mkurugenzi alivaa suti mpya. Tanbihi alikaa nyuma yake, amebeba juzuu zote tatu mapajani kama mtu aliyepakata watoto wa wenyewe.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini, mwenye tabia ambayo maofisa waliiogopa kuliko maandamano: alikuwa anasoma.

"Mkurugenzi Mkuu," alianza, "nimemaliza juzuu ya tatu."

Ukumbini palipita mtikisiko. Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo.

"Nimekaa kwenye kiti hiki muda mrefu. Sijawahi kuona kiongozi wa umma anaandika kwa ujasiri namna hii. Naomba ninukuu." Alivaa miwani. "'Maji ya bombani kwetu yananuka kama soksi za mlinzi msimu wa mvua, na anayesema ni salama aje anywe sisi tunamwangalia.' Mwandishi: Mkurugenzi Mkuu."

Mkurugenzi, ambaye alikuwa ameanza kutabasamu kwenye neno "ujasiri", alibaki na tabasamu hilo bila kujua alipeleke wapi.

"'Mabomba waliyofukia si mabomba ya maji ya kunywa, ni ya kumwagilia bustani, yamepakwa rangi. Mvua ya kwanza iliponyesha rangi ikatoka, mtaro ukawa mweusi.' Mkurugenzi Mkuu. 'Duka lililoyauza ni la shemeji wa mkubwa, kila mtu anajua, hata mbuzi wa kwetu wanajua.' Mkurugenzi Mkuu, huyo huyo." Aligeuza ukurasa. "Hii hapa imenigusa. 'Mwanangu alikuwa anacheka, sasa hachezi wala hacheki, ameshika tumbo tu. Tafadhali, yeyote anayesoma.' Mkurugenzi Mkuu. Pole sana kwa mtoto."

"Nini hiki?" Mkurugenzi alimnong'oneza Tanbihi bila kugeuka.

"Ni wewe, mheshimiwa," Tanbihi alinong'ona. "Juzuu ya tatu."

Hapo ndipo, kule kwenye jukwaa la wananchi, jozi moja ya mikono mikubwa ilipoanza kupiga makofi. Shangazi alisimama. "Kumbe ni yeye!" alipaza sauti iliyokuwa bado na mkwaruzo wa ugonjwa. "Jamani, kumbe ndiye aliyetuandikia! Na sisi tulikuwa tunamsema vibaya!" Watu wote wa bondeni wakainuka. Vigelegele vikapasuka. Mzee mmoja fundi viatu alivua kofia. Wapiga picha waliacha kusinzia, wakakimbilia mbele.

Mkurugenzi alikuwa amepigiwa makofi maisha yake yote, lakini siku zote na watu aliokuwa na uwezo wa kuwahamishia vituo vya mbali. Makofi ya bure hakuwahi kuyaonja. Tanbihi, aliyekuwa nyuma yake, aliona shingo yake ikinyooka, mabega yakipanuka. Alijua kinachokuja. Aliifungua midomo amzuie, kwa maana hata mtu mwenye kinyongo huwa hapendi kuona gari likienda mtoni, lakini Mkurugenzi alikuwa ameshasimama.

"Ndugu wananchi," alisema, mkono kifuani, "ukweli hauwezi kufichwa milele. Ni mimi. Kila neno nililiandika kwa mkono wangu, na kwa uchungu."

Makofi yakapanda hadi kwenye viyoyozi. Mwenyekiti alingoja yaishe. Alikuwa na subira ya mtu mwenye juzuu nyingine mezani.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Naam?"

"Ulijua maji yananuka, mabomba ni ya bustani, na duka ni la shemeji yako. Na humu humu, kwenye ripoti hii hii, pana tamko lenye saini yako, kwamba maji ni salama. Ulikuwa unatuambia sisi uongo, au ulikuwa unajiambia mwenyewe?"

Mkurugenzi aliketi. Akainuka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kweli... sikuandika mimi."

"Una rejeo la kauli hiyo?"

Alimgeukia Tanbihi. Tanbihi, kwa utiifu uleule, akampa lile pekee lililokuwapo: karatasi yenye wino wa kijani na mhuri wa masjala. Mkurugenzi aliisoma kimyakimya. Ilikuwa mara ya kwanza anasoma kitu kabla ya kukipeleka mbele, na akaona bora asikipeleke.

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, kupisha uchunguzi. Shemeji alifunga duka akasema amekwenda kuzika. Kamati iliamuru mabomba yote ya bondeni yafukuliwe, na daktari wa kandambili akaruhusiwa kuandika neno "maji" kwenye taarifa zake. Mtoto wa jirani alianza kucheza tena, kwanza akiwa amekaa.

Baadaye kidogo, mtu mmoja alikuja kwenye dirisha la Kitengo cha Marejeo, akapanga foleni nyuma ya muuza mkaa. Hakuwa na dereva wala mkoba wa kubebewa. Tanbihi hakumtambua mpaka alipoongea.

"Nataka jina langu litolewe. Mrudishe yule Hajulikani."

"Inawezekana, mheshimiwa," Tanbihi alisema, na alimaanisha. "Kazi ikishakuwa na mwandishi, kumrudishia mwingine inahitaji ridhaa ya huyo mwingine. Kwa maandishi. Atie saini hapa."

"Lakini nitampata wapi?"

Tanbihi alifikiri kwa makini, kama mwongozo unavyotaka. "Barua nyingi zilitoka bondeni. Jaribu kuulizia huko."

Na kweli alikwenda. Ilikuwa Jumapili, na Tanbihi alikuwa kwa shangazi yake na mkewe, wanamenya viazi, aliposikia sauti ile ikija mlango kwa mlango. "Hodi. Samahani. Namtafuta Hajulikani." Na kila mlango ulimjibu kwa adabu ileile: "Huyo, baba, hapa kwetu hajulikani." Fundi viatu alimwelekeza nyumba ya mbele. Nyumba ya mbele ikamwelekeza kwa fundi viatu. Watoto walianza kumfuata.

Alipofika kwenye nyumba ya tatu alikuwa amelowa jasho, tai ameifungua. Mke wa Tanbihi alisogeza pazia aone vizuri. Shangazi alitoka kizingitini akifuta mikono.

"Karibu, baba. Umetoka mbali."

"Mama, nisaidie. Nina shida na mwandishi mmoja."

"Kaa kwanza. Mgeni haulizwi shida na kiu kooni." Alimpa kigoda. Alichukua bilauri, akatembea hadi kwenye bomba la mtaa, lile la zamani, ambalo mafundi walikuwa hawajalifikia, akaifungua koki. Lilikohoa, likatema, likajaza. Alirudi akamkabidhi kwa mikono miwili, kama inavyostahili.

Mkurugenzi aliitazama ile bilauri. Rangi yake haikuhitaji maelezo ya chini.

"Hapa mtaani tumebishana sana," shangazi alisema, akijiegemeza mlangoni. "Yuko Mkurugenzi aliyeandika maji haya yananuka. Yuko Mkurugenzi aliyetia saini kwamba ni salama. Wote wawili ni wewe, na sisi hatukusoma sana, tukashindwa kuamua tumwamini yupi."

"Mama, nina haraka kidogo..."

"Haraka ya nini, baba? Kazini hawakutaki." Alisema bila ubaya, kama anayetaja hali ya hewa. "Kunywa. Tutajua."

Fundi viatu alikuja na stuli yake. Wauza mkaa walitua magunia. Akina mama wa nyumba za jirani walitoka na watoto mgongoni, wakajipanga ukutani kwenye kivuli. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyecheka. Mtaa mzima ulitulia, ukamsubiri mwandishi.